Reli Chumbani kwa Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza rasmi! Reli ya baba mkwe itajengwa upya, yote, stesheni kwa stesheni, juu ya mbao, kwa mfano mdogo, kipimo cha moja kwa themanini na saba. Mzee aliendesha treni kwenye njia hiyo mpaka walipoifunga. Sasa mama mkwe ametutoka, mzee hawezi kukaa peke yake, na Jumapili anakuja kuamua: ahamie kwetu, au kwa mwanyumba wangu, yule aliyemuoa dada wa mke wangu.

Mke wangu anamtaka baba yake mpaka usingizi hapati. Mimi pia namtaka. Ila zaidi nataka mwanyumba amkose. Mungu anisamehe.

Mwanyumba ana nini? Ana sofa. Ya ngozi, ya kujilaza. Basi!

Reli itakaa chumba cha wageni. Kitanda nimekitoa, nimekisimamisha koridoni. Mke wangu kauliza baba atalala wapi. Nimemwambia mambo ni hatua kwa hatua.

Jumatano, 5 Machi

Kichwa cha treni kimefika. Cheusi, kidogo, kinapiga honi! Nimemkimbilia mke wangu jikoni kumwonyesha. Kauliza kichwa kipya cha nini, wakati cha zamani bado hakijatumika. Nimejitia hamnazo.

Mataruma, yale ya kulazia reli, nimekata vijiti vya meno. Miti ni sponji ya kuoshea vyombo. Milima ni pazia la sebuleni lililoloweshwa gundi na plasta. Lilikuwa pazia la zamani. Mke wangu anasema halikuwa la zamani.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Nilianza kutandika reli dirishani na mlangoni kwa pamoja, nikijua zitakutana katikati. Hazikukutana. Zimepishana upana wa kiganja. Nimezipinda kwa nguvu, zimekaa kama mguu uliovunjika. Nimekaa sakafuni nikajuta kuzaliwa.

Kisha wazo. Handaki! Mlima mmoja juu ya aibu yote. Kwenye ramani ya njia ya mzee, hapo kuna alama ndogo tu ya barabara inayokatiza reli. Barabara ziko kila mahali, nani atauliza?

Jioni mzee kapiga simu. Binti yake kamsimulia habari za reli, na sauti ya mzee ikatetemeka, mke wangu anasema. Kaagiza neno moja: mwambie mumeo asisahau geti.

Nimeona haya. Kumbe ameliona! Geti letu la nje limekula kutu hadi linatia huruma. Wakwe hawapitwi na kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Siku nzima getini. Msasa, grisi kwenye bawaba, rangi ya kijani. Mwanyumba kapita, kasimama, kacheka. Nimemwambia lake linalia kama mbuzi. Kajibu leo yeye yuko bafuni, anafunga vyuma vya kushikia ukutani, mzee asije akateleza.

Vyuma! Hana ubunifu hata chembe.

Jumapili, 9 Machi

Rangi haikukauka. Mzee kashika geti, viganja vyote kijani. Nikamwambia kwa fahari kwamba geti sikulisahau. Alinitazama kidogo, akanishukuru.

Chumbani akavua kofia. Macho yake hayamsaidii tena, kwa hiyo aliifuata reli kwa kidole, polepole, akitaja kila stesheni, na kidole kinaacha alama za kijani njia nzima. Mke wangu analia kwa furaha. Mimi moyoni nasema mwanyumba kwisha habari yake!

Kidole kikafika mlimani. Kikasimama. Kauliza hiki ni nini. Nikamjibu handaki, baba. Kasema njia yake haikuwa na handaki. Kisha kauliza, kwa upole, geti liko wapi.

Nikamnyooshea kidole nje.

Mke wangu ndiye aliyenieleza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Geti la reli! Pale barabara inapokatiza. Mama mkwe alipokuwa msichana ndiye aliyekuwa akilifunga na kulifungua. Pale ndipo walipoonana. Na mzee hakuwahi kupita bila kumpigia honi, hata baada ya kumuoa. Na mimi nimemfukia chini ya pazia.

Nilitaka kubomoa palepale. Mzee kanishika mkono, kasema acha, mwanangu, umefanya kazi kubwa. Heri angenitukana.

Kisha kaomba ajinyooshe kidogo, amechoka. Tukatazamana. Nikasema chini ya meza ya reli nafasi ipo, nimepima. Mke wangu akanipa kisogo.

Mwanyumba alikuja kumchukua kwa gari kabla ya giza.

Jumanne, 11 Machi

Mke wangu kaenda kwa dada yake kumpangia baba nguo. Kabeba na zake. Kasema siku chache, bila kunitazama.

Nimempigia mzee, nimemwomba radhi, nikalia. Kasema hana kinyongo, na sofa ni laini. Najuta. Najuta kweli, si utani. Swali moja tu lingetosha: geti gani, baba? Sikuuliza. Mimi huwa siulizi, naanza tu.

Leo nimevunja mlima. Mahali pake nimejenga geti la reli, jekundu na jeupe, linapanda na kushuka kwa uzi. Kando, kibanda, na msichana ameinua mkono. Nimemtazama mpaka macho yakaniuma. Mzee lazima amguse.

Tatizo ni kona. Treni inaanguka miguuni pa msichana kila ikifika. Dawa ni kuirefusha njia, na chumba kimekwisha. Bahati nzuri chumba chetu cha kulala kimepakana nacho, na ukuta wenyewe ni mwembamba. Fundi anakuja kesho kuutoboa. Mke wangu sijamwambia. Nataka akirudi akute kila kitu tayari.