Tangazo Lililochapwa na Jua

Shemeji yangu mpiga picha alitangaza mtaa mzima kwamba mashine za kuchapia zimepitwa na wakati. Yeye sasa anachapa kwa jua! Jua hili hili linalotuunguza visogo bure kila siku, eti amelipatia ajira.

Wa kwanza kunasa alikuwa shangazi yake, mtengeneza sabuni. Alikuwa anafungua duka Jumamosi na alitaka bango la mlangoni.

"Shangazi, mabango ya plastiki kila mtu anayo," shemeji akamwambia. "Mimi nitakuchapia sura yako kwenye shuka. Rangi ya bluu, kama malkia!"

"Malkia gani wa bluu? Haya. Lakini haitachuja?"

"Ichuje? Labda siku ya kiama!"

Basi tukajifungia stoo, dirisha tumeliziba kwa blanketi. Akachanganya dawa zake mbili, akaipaka shuka kwa brashi, jasho likimtiririka kama anayepaka rangi ikulu. Ilipokauka tukailaza uani, juu yake filamu kubwa ya picha ya shangazi, halafu kioo. Baada ya nusu saa tukaisuuza kwa maji matupu.

Lo! Shangazi huyo, bluu bluu, anatabasamu na mche wa sabuni mkononi. Nakiri, hata mimi nilisisimka.

Jumamosi watu wakajaa dukani, shuka ikining'inia mlangoni. Shemeji akapanda kiti, akaanza hotuba juu ya sanaa. Dobi mmoja akamkatiza: "Fundi, ikishika vumbi inafulika?"

"Inafulika!" Shemeji akaruka chini, akaitungua shuka, akaitisha beseni. "Shangazi, lete sabuni yako kali kuliko zote!"

Maskini, hakujua kwamba rangi ile na magadi ya sabuni havikai nyumba moja. Aliposugua mara ya kwanza, shangazi akapoteza pua. Mara ya pili, kidevu!

"Acha!" nikamnong'oneza.

Wapi! Alizidi kusugua, kana kwamba uso utarudi ukitishwa. Akainua shuka: nyeupe pee!

Shemeji akaiachia shuka ndani ya beseni, akarudi kinyumenyume.

"Jamani!" dobi akapiga kelele. "Sabuni hii inatoa hata mtu!"

Watu wakaivamia kaunta. Kufika adhuhuri, rafu zote zilikuwa tupu.

Shangazi akamkuta mpwa wake amejibanza nyuma ya mlango.

"Mwanangu, umefanya kazi nzuri. Wiki ijayo niletee shuka kumi."

Shemeji akachanua. "Kumi! Zote zenye sura yako?"

"Yangu ya nini? Weka ya kwako. Mimi siwezi kufutwa pua kila siku mbele ya wateja."