Malalamiko Kuhusu Kilima Chenu na Mgongo wa Mchumba wa Binti Yangu

Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Watembeaji,

Jumapili iliyopita, kabla ya saa tano asubuhi, nilipoteza buti la mguu wa kushoto pamoja na haki yangu ya kukataa mkwe. Vyote vimezama kwenye kilima chenu. Buti nimesamehe.

Mimi ni fundi sakafu. Nilianza kwa kuwabebea wenzangu zege. Leo nina mafundi chini yangu, na sakafu yangu haijawahi kutitia. Kwa heshima zote, nalalamika hivi:

1. Kilima chenyewe ni kifupi, hakizidi ghorofa kumi na mbili. Jengo la kimo hicho likivuja, mwenyewe anaitwa ajieleze. Lenu linavuja kuanzia chini mpaka juu, na watu wanalipiga picha.

2. Mlituambia kila mtu akanyage alipokanyaga wa mbele. Mbele yangu alikuwa kijana anayemtaka binti yangu, anarukaruka kwenye matuta ya nyasi kama mbuzi. Pembeni nikaona mahali pa kijani, pamelala sawasawa kuliko sakafu ya benki. Katika kazi yangu, palipo sawa ndipo pa kukanyaga. Nikazama mpaka kiunoni. Hata kibao cha "Sakafu mbichi" hamkuweka!

3. Kijana akanichomoa, akanibeba mgongoni mpaka kileleni. Binti yangu akawa anapiga kelele nyuma: "Baba, usimkabe shingo, bado namhitaji!"

4. Nilikuwa nimepanga kumkatalia kule juu, penye upepo, asipate pa kuegemea. Sasa niambieni, unamkataliaje mtu huku umemkumbatia? Nikanyamaza. Mama watoto ameutangazia ukoo mzima kwamba kunyamaza kule ni ndiyo.

Hivyo naomba mkikaushe kilima, mkimwagie zege, au mkiondoe kabisa. Mkishindwa, nipeni barua yenye muhuri kwamba aliyebebwa hajakubali kitu. Wazee wa kijana wanakuja Jumamosi. Nijibuni kabla ya Ijumaa saa kumi jioni.

Wasalimieni wanachama wote, hata yule bibi aliyenipita kwenye tope huku akipiga mluzi.

Ni mimi niliyechafuka,
Fundi Sakafu

N.B. Zege lisubiri kwanza. Kule kileleni ukungu ulifunika upande unaotazama ziwa, nikaona nusu tu ya mandhari. Mgongo wa kijana hautikisiki, nimeupima mwenyewe. Tunarudi Jumapili, na wazee wake wanataka kuja. Nijibuni leo kabla hamjafunga ofisi: mnaondoka saa ngapi?