Nilivyoshangilia Ndege Kuchelewa

Jamani, leo nimejiaibisha katikati ya uwanja wa ndege wa Dallas, na sina wa kumlaumu ila mdomo wangu.

Mama yangu amekaa nami hapa Mansfield, mji jirani na Dallas, miezi mitatu. Miezi mitatu! Na mimi nesi nisiyejua kukataa shifti, natoka amelala, narudi amelala. Leo ndiyo siku yake ya kurudi Singida kupitia London, na leo ndiyo nimepata ofu. (Akili zangu hizo.)

Njiani nilikuwa namwomba Mungu jambo moja tu: ndege ichelewe, nikae na mama yangu kidogo.

Tukafika, tukapanga foleni. Mara ubao ukabadilika. Ndege ya London itachelewa kwa masaa sita!

Weee! Sijui nini kilinipanda. Nikapiga kigelegele. Tena kile kirefu, cha bibi harusi akitolewa ndani. Na machozi ya furaha yakanitoka hapo hapo.

Foleni nzima ikageuka. Watu wamenuna, wanapigia simu ndugu zao, mimi natoa vigelegele.

Dada wa kaunta, Mmarekani mwenye huruma zake, akaja mbio na tishu.

"Pole mpenzi, usilie hivyo. Abiria akicheleweshwa namna hii ana haki ya kuhamishiwa ndege nyingine. Ipo moja ya London inaondoka sasa hivi, imebaki siti moja. Nampa mama yako."

"Hapana, asante! Tutasubiri tu!"

"Usione aibu, mpenzi. Ni haki yake." Huku anabonyeza kompyuta.

Nyuma yetu alikuwepo kaka mmoja Mkenya. Akaona asaidie. (Nani kamtuma?) Akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika na wote: "Madam, huyu halii. Hiyo ni sauti ya sherehe. Kwetu wanapiga hivyo harusini."

Waliokuwa kwenye simu wakazishusha.

Mzee mmoja mwenye kofia pana akauliza, "Kwa hiyo anasherehekea sisi kuchelewa?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamnong'oneza yule dada, "Basi mrudishie mama siti yake ya mwanzo, tafadhali."

Akaniangalia kama mtu anayeangalia mwendawazimu. "Nimeshampa mtu mwingine. Na hii nyingine inafunga mlango muda si mrefu. Kimbieni!"

Tukakimbia. Mama hajui Kiingereza, anahema tu: "Zuhura, si umesema imechelewa?"

Nikamweleza yote pale kwenye ukaguzi, kwa mkato. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akanishika mashavu, akasema, "Ungenyamaza tu mwanangu, tungepiga soga hadi tuchoke." Mlinzi akamwita, akaingia. Hata kumkumbatia vizuri sikuwahi.

Sasa hivi niko kwenye gari, nje ya nyumba yangu. Saa nzima nimekaa tu hapa. Sitaki kuingia ndani, kumepoa mno.

Najua mtacheka. Ila nawaomba msinichekee mtandaoni. Njooni mnichekee nyumbani, nitawapikia.