Macho Mekundu ya Nzi Mwenye Bahati

Jumatatu, 3 Machi
Namshukuru Mungu nimeamka. Mchana kutwa nimeosha chupa tunamofugia nzi wa matunda hapa maabara, jua likipita ndani yake kama asali. Daktari kaniita kwenye hadubini. Hebu tazama, mzee wangu, kasema: dume mwenye macho mekundu anapata mke. Yule wa macho meupe kazaliwa na hitilafu ndogo tu ya kurithi. Hamwoni jike sawasawa, anabaki kuiimbia pamba ya kizibo. Anaimba kwa bawa moja! Maskini. Nikajiona mimi. Mjane anayefua makoti yetu, mwaka wa pili huu namzunguka, na mlinzi wa getini anamchekesha kila asubuhi. Sasa siri nimeipata. Macho mekundu!

Jumanne, 4 Machi
Nimejipaka kitunguu. Nusu kila jicho. Yamewaka, sifa kwa Mola! Nikamkuta mjane kambani, kavaa nyeupe, anayumba na upepo taratibu kama mtu aliye ndotoni. Nikamzunguka mara tatu. Nikanyoosha mkono mmoja, nikautetemesha, nikaimba. Hakunifukuza! Nikamshika bega. Halina mfupa. Koti la Daktari. Mlinzi kacheka mpaka kofia ikamdondoka. Eti mahari ya koti nitatoa sabuni ngapi?

Alhamisi, 6 Machi
Mjane kaja na maji, kaninawisha macho mwenyewe. Vidole baridi, harufu ya sabuni. Nikaelea, nikamweleza siri ya nzi. Kasema: haya baba, kwani mimi nzi? Anataka mtu wa kumtazama yeye, rangi ya macho haimhusu. Mlinzi keshaleta posa. Kama nina neno, nifike kwa kaka yake Jumapili baada ya ibada, bila kitunguu. Ikipita Jumapili, basi tena. Nimetembea kutwa kama niko mawinguni.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari kafungua chupa nyingine. Madume wa humo macho mekundu kabisa, ila mabawa yamejikunja tangu kuzaliwa. Wimbo hautoki, majike wanawapiga mateke. Nikatazama mikono yangu. Mifupi! Kumbe kosa liko hapa. Nikakimbilia kwa fundi cherehani: koti la mikono mipana, ya kupepea. Nafasi ya kunipima anayo Jumapili tu, baada ya ibada. Mungu akitaka kukupa hakuletei barua! Nimemwandikia mjane kikaratasi: mama, nisubiri wiki moja tu. Mlinzi kajitolea kukipeleka mwenyewe. Kanikumbatia hata. Mtu mwema kabisa, nami nilimdhania vibaya.