Mbio za Shinyanga na Shikamoo ya Mwaka Mzima

Jumatatu, 16 Agosti 1954

Mimi ndiye mshindi wa kwanza wa Mbio za Shinyanga. Nilikata utepe pale stesheni mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, tarumbeta zikalia. Nani mwingine? Hakuna!

Haya. Hapa hasomi mtu ila mimi, basi niseme vizuri. Mwaka ule wa arobaini na saba nilikuwa natoka zangu Shinyanga ya Zamani, kuku kila kwapa. Nikasikia vishindo nyuma. Nageuka: kundi la wanaume wenye kaptula wanakuja mbio, na askari wa baiskeli yuko mbele yao. Na kodi ya kichwa sijalipa! Nikatimua. Sikusimama hadi stesheni, nikajikuta nina utepe shingoni na watu wananishangilia. Nikapewa blanketi. Jioni wakaja kulichukua, maana kule walikoanzia hakuna aliyeniona. Kuku mmoja mpaka leo sijui alipo.

Leo Ignas, karani wa kamati ya mbio, amekuja kalamu sikioni. Anakusanya historia ya mbio isomwe Jumamosi kabla watu hawajaanza kukimbia. Nikampa historia. Mwaka wa kwanza: mimi. Mwaka wa pili: kibarua mmoja wa reli aliyekimbia peku, viatu vipya kaning'iniza shingoni visije vikachakaa. Mwaka wa tatu wakimbiaji walikuta Wagika na Wagalu, vile vyama viwili vya ngoma, wanashindana pale Kizumbi. Nusu yao waliingia ngomani na hawakutoka. Mwaka wa nne ng'ombe walivuka barabara, wakimbiaji wakasaidia kuwaswaga, kwani unaachaje ng'ombe wapotee? Ignas akaandika yote. Akauliza lile blanketi liko wapi, liwekwe mezani watu walione. Nikasema mchwa wamelila. Akaandika na mchwa.

Jumanne, 17 Agosti

Nkwabi! Huyu jirani yangu ni balaa.

Ugomvi wetu ni huu. Mimi ni mkubwa kwake. Yeye anasema ni mkubwa kwangu. Anadai nzige walipokuja alikuwa tayari anachunga ndama. Mimi nasema mwaka wa nzige alikuwa mgongoni kwa mama yake anakojoa. Waliokuwa wanajua wote wamekufa. Kwa hiyo tunakaa kilabuni kigoda kwa kigoda, kila mtu anangoja mwenzake aamkie kwanza. Tumengoja tangu mavuno ya mtama.

Leo pombe ilipomfika vizuri akasimama. Akasema tumalizane Jumamosi. Yeye ana mkimbiaji wake, Herman, mchimba dhahabu wa Geita. Mimi nina Mageni, mpwa wangu, anayebeba marobota kule jineri, kiwanda cha pamba. Atakayetangulia kufika stesheni, mzee wake ndiye mkubwa. Mwingine atampa shikamoo kila asubuhi, kofia mkononi, mbele za watu, hadi mbio za mwakani.

Nikasema, kwa nini tusiseme mwangaluka, Kisukuma chetu cha kila siku? Akacheka mpaka akakohoa. Mwangaluka hata mbuzi anapewa, akasema. Anataka shikamoo ya Kiswahili, ile isiyo na mlango wa kutokea.

Kilabu kizima kikashuhudia. Nikakubali. Mdomo wangu huu!

Jumatano, 18 Agosti

Nimemwona Herman kisimani. Miguu kama ya korongo! Alikuja akikimbia, akanywa maji, akaondoka akikimbia. Hata jasho hana.

Kisha nikaenda kumtazama Mageni. Ana nguvu, sikatai, lakini anakimbia kama mtu aliyesahau kushusha robota. Nikarudi nyumbani nikajaribu kutamka shikamoo nikiwa peke yangu. Ilikwama kooni. Mke wangu Limi akaniletea maji akidhani nimepaliwa.

Mchana nikalala, nikaamka na akili. Apolonia!

Apolonia ni mama mkwe wa Herman. Nyumba yake iko kandokando ya barabara pale Ibadakuli, na mbio zinapita pale pale wakati wa kurudi. Na kwetu mwanamume hakutani na mama mkwe wake njiani. Akimwona kwa mbali anaacha njia, anaingia porini, anageuza uso, anangoja mama ajiondokee. Hata kama huko porini kuna fisi, hilo ni shauri lake na fisi. Sasa, mama akisimama barabarani na asiondoke?

Nimecheka peke yangu. Limi akaleta maji tena.

Alhamisi, 19 Agosti

Nimekwenda Ibadakuli. Nilimkuta Apolonia anaanika michembe, vile viazi vyake vikavu anavyochemsha kwa karanga na kuuza. Nikamwambia Jumamosi asimame katikati ya barabara na beseni lake, atauza kuliko gulio. Akanitazama. Mama yule si mjinga. Akauliza mimi napata nini. Nikasema furaha ya majirani. Akauliza tena.

Hapo ulimi ukateleza wenyewe. Nikasema nampenda kama ndugu, na kwa kweli nilikuja kwa jambo kubwa zaidi: mpwa wangu Mageni anamtaka binti yake mdogo, Philomena.

Uongo mtupu! Lakini mama aliacha michembe juani akanikamata mikono yote miwili. Akasema alijua tu, kijana yule ana heshima. Akaapa atasimama barabarani tangu jua kuchomoza, na hata lori la pamba likija litamzunguka. Hatoki mpaka nimfuate mwenyewe.

Nimerudi nikipiga mluzi. Nimempita Nkwabi sikumtazama. Mtu anayekaribia kuitikia marahaba hana haja ya kutazama.

Ijumaa, 20 Agosti

Mageni kaja asubuhi na mapema, macho mekundu kwa furaha. Akaanguka miguuni pangu. Mjomba, ulijuaje? Kumbe yeye na Philomena wanatazamana tangu soko la pamba, naye alikuwa anaona haya kunituma! Upande wa binti wamekwisha kuleta jibu kwa dada yangu: wamekubali. Dada amepiga vigelegele hadi mbwa wakakimbia.

Nikajifanya nilijua yote. Nikamwambia mjomba haoni kwa macho tu. Moyoni nikasema: vizuri zaidi! Kijana mwenye furaha atapaa.

Limi, niliyekwisha kumsimulia hila yangu, alikuwa anapepeta mtama. Akaniuliza kama nimefikiri vizuri. Nikasema mimi huwa nafikiri vizuri. Akaniuliza kesho pale barabarani Apolonia atakuwa mama mkwe wa nani. Nikamwambia wa Herman, mwanamke wewe, wa nani tena? Akacheka akaenda kupepetea nyuma ya nyumba.

Wanawake hawana akili ya mbio.

Jumamosi, 21 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Watu walijaa stesheni. Ignas akasoma historia yake, akanitaja, nikasimama nikavua kofia. Nkwabi akasema kwa sauti kwamba kuku wangu nao walistahili kiti. Watu wakacheka. Nikamwambia acheke sasa, maana kesho atakuwa ananiamkia. Wakimbiaji wakaondoka. Mimi nikapanda baiskeli ya kuazima, nikapita njia ya mkato, nikajibanza nyuma ya kichuguu pale Ibadakuli.

Apolonia yuko! Katikati ya barabara, kanga mpya, beseni kichwani. Amesimama kama nguzo ya simu.

Jua likapanda. Nikaona vumbi. Wawili tu wameongoza, wengine hawaonekani. Herman mbele. Mageni nyuma yake kidogo, na lo, anapaa kweli! Nikauma ukosi wa shati nisipige kelele.

Herman akamwona mama mkwe. Akapunguza mwendo. Nikasema ingia, mwanangu, ingia porini.

Hakuingia! Alichuchumaa, akaamkia kwa adabu zote, mama akamwitikia, akampa kibuyu cha maji na kipande cha mchembe mdomoni, akamwambia kimbia baba. Akakimbia! Baadaye nikaambiwa Herman alikwisha kumpa mama mkwe mbuzi wa kuondoleana haya ili wasikwepane tena, mwaka jana, alipozaliwa mtoto wa pili. Mbuzi mzima, na mimi jirani sikualikwa hata supu!

Na Mageni? Mageni mchumba, wa tangu jana, ambaye hajatoa hata kifaranga? Alipoinua macho na kumwona mama mkwe wake mtarajiwa, aliruka kutoka barabarani kama swala. Akatua kwenye miiba. Akageuza uso.

Nikangoja atoke. Hakutoka. Apolonia naye hakuondoka, si aliapa? Alikuwa anatabasamu akitazama upande mwingine, anaona mkwe alivyo na heshima. Nikatoka nyuma ya kichuguu mbio nikamwambia ondoka, mama, ondoka! Akasema kwanza nitamke mbele ya watu ni lini naleta ng'ombe. Watu walikuwa wamekwisha kujaa. Nikasema baada ya mvua za kwanza. Akasema hakusikia. Nikapiga kelele: baada ya mvua za kwanza! Ndipo akajiondokea, polepole, beseni kichwani, akifuata barabara ile ile ya kwenda mjini. Na Mageni angempitaje?

Wakati huo Ignas alikuwa anamvisha Herman utepe.

Mageni alifika na miiba, wa mwisho, anacheka. Akanishukuru tena.

Jumapili, 22 Agosti

Baada ya misa. Mlangoni. Watu wote wamesimama, hata wasiosali walikuja. Nikavua kofia. Nkwabi akakunja mikono nyuma, akainua kidevu.

Nilisema. Akaniomba nirudie, ati upepo. Nikarudia. Akaitikia marahaba ndefu kama treni ya Mwanza, kisha akaniuliza watoto hawajambo, mwanangu?

Mwanangu!

Jumatatu, 23 Agosti

Sijashindwa. Kosa halikuwa hila, kosa lilikuwa mbuzi. Mwakani natafuta mkimbiaji yatima, asiye na mchumba wala dalili. Nkwabi naye bado atamtumia Herman. Na Apolonia ana mama yake mzazi yuko hai, bibi mkali sana, sijasikia kama huyo alipewa mbuzi. Keshokutwa nakwenda kumtembelea na tumbaku. Nikilazimika kumwahidi kitu, nitapata cha kumwahidi.

Tatizo ni asubuhi ya leo. Nkwabi amekwisha kutoka. Amekaa kwenye kigoda chake njia panda, anakohoa ili nijue yupo.

Nimemwita Limi. Nimemkumbusha kwamba masika, mguu wake ulipovimba, ni mimi niliyemchotea maji, mwanamume mzima, ndoo kichwani, na kijiji kikiona. Sikumwomba shukrani siku ile. Sasa naomba kitu kidogo tu: aende pale njia panda, apige goti, aseme shikamoo hii ni ya mume wangu, nimetumwa.

Limi, unanisikia? Limi!