Siku Wakuu Wawili Walipotafuna Kahawa Stendi ya Bukoba

Kaeni kitako, enyi watu wa Kagera, wenye migomba Muleba na wenye maduka Bukoba! Zimeni simu, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi. Zisikieni habari za Annastella binti Byarugaba, Mratibu wa Wadau, Mbeba Faili, Mstahimilivu wa Vikao, aliyeingia vitani bila ngao akarudi na ushindi ambao mama yake mzazi hadi leo anauliza ulikuwa wa nini.

Vita vyenyewe vilikuwa vya mradi wa Tiketi Moja. Abiria apande basi Muleba, ashuke Bukoba, na tiketi ileile impandishe bodaboda hadi mlangoni kwake Kahororo, yeye na mkungu wake wa ndizi. Lakini mabasi yalikuwa ya mzee Ta Karugendo, Simba wa Lami, na bodaboda zilikuwa chini ya mwenyekiti Clavery, Radi ya Vichochoro, na wakuu hao walikuwa hawajakubaliana hata kama pikipiki iruhusiwe kupita geti la stendi. Wafadhili nao walikwisha kutamka kwamba wasipoelewana kabla ya adhuhuri, mradi unahamia mkoa mwingine. Annastella aliupenda mradi ule. Alichoka kuona akina mama wamekalia mizigo yao getini huku wanaume wakibishana juu ya vichwa vyao.

Basi asubuhi ile wakuu wakaingia katika kiofisi cha stendi, na Annastella akaona jambo lililomkata maini. Ta Karugendo alitoa ndani ya koti kifurushi cha jani la mgomba. Clavery naye akatoa kifurushi ndani ya helmeti. Kila mmoja alikuja na akamwani, kahawa ile ya kutafuna ambayo mwenyeji humpa mgeni kabla ya neno lolote! Na kosa lilikuwa la Annastella mwenyewe, kwani jana yake, kwa kutaka kumpendeza kila mtu, alimpigia kila mmoja simu akamwambia, "Mwenyeji wetu ni wewe."

"Karibu, Clavery mwanangu," alinguruma Ta Karugendo. "Basi langu lilipoingia mji huu, wewe ulikuwa unabebwa mgongoni. Tafuna, kisha tulizungumze geti langu."

"Shikamoo, Ta Karugendo," alijibu Clavery akiinama. "Heshima yako naibeba kichwani. Lakini waitu, mheshimiwa wangu, abiria akishakanyaga chini huyo ni wangu, na ardhi hii ni yangu. Mgeni ni wewe. Tafuna."

Mikono ikanyooshwa, na hakuna aliyepokea. Wala haikushushwa. Johnson, mjumbe wa wafadhili kutoka Dar es Salaam, akidhani ni karanga, alipeleka vidole. Annastella akamchapa kofi la mkononi lililosikika hadi kwa wauza maparachichi.

Hapo ndipo shujaa alipoinuka. Akawapokonya vifurushi vyote viwili, akavimwaga katika sahani moja, akaitikisa kwa nguvu zote za ukoo wake.

"Ta Karugendo, nionyeshe punje yako! Mwenyekiti, nionyeshe yako! Mwenye kuitambua ndiye mwenyeji, na geti ni lake!"

Majemadari wakainamia sahani. Ta Karugendo akavaa miwani.

"Yangu ilichemshwa na mke wangu," akasema. "Nitaijua kwa ladha." Akatafuna.

"Umekula yangu!" akafoka Clavery, naye akatafuna moja kuhakikisha.

"Hapana, hiyo ndiyo yangu! Lete nyingine!"

Wakatafuna, wakabishana, wakatafuna tena, hata sahani ikabaki nyeupe. Ndipo wakatazamana, midomo imejaa, wakakumbuka walichofanya. Kila mmoja amekula kwa mwenzake, na aliyekula kwako humfungii geti.

Wakatia sahihi mkataba wa Tiketi Moja. Wakitoka, Ta Karugendo alimnong'oneza Annastella, "Umeona alivyopokea akamwani yangu?" Na Clavery, katika sikio la pili, "Umeona alivyopokea yangu?"

"Nimeona, waitu," aliwajibu wote wawili.

Adhana ya adhuhuri ilipolia, pikipiki ya kwanza ilikuwa imekwisha kupita geti. Mama mmoja wa Muleba akashuka basini, akapakiwa yeye na mkungu wake, akaenda zake Kahororo akilalamika kwamba kiti ni kigumu. Annastella, Mfungua Lango, Mpatanishi wa Magurudumu, akasimama katika vumbi lao akilia kwa furaha, na vizazi vyote vya Bukoba na viambiwe hivyo.