Kifungu cha Tisa na Mti Wake

Jumatatu, 14 Julai
Nyanya bado za kijani! Maonyesho ya bustani yamebaki siku kumi na tisa. Miaka mitano Mirdza, jirani yangu wa kiwanja cha pili, ananibwaga. Mtofaa wake unanizibia jua, nina hakika. Bahati nzuri chama chetu cha bustani kinataka kanuni mpya, na katibu ni mimi.

Jumatano, 16 Julai
Imepita, kifungu cha tisa! “Mwanachama anaweza kumtaka jirani kupogoa mti wake unaozuia jua.” Neno letu lile dogo la Kilatvia, *savu*, yaani “wake”. Wake nani? Sarufi ya Kilatvia hainijibu, na ndivyo nilivyotaka. Nikimtaka Mirdza apogoe, ni mti wa jirani. Akinitaka mimi, ni mti wa mwanachama. Vyovyote iwavyo, mtofaa unakatwa. Nimejipongeza kwa kipande cha mkate wa shayiri na jibini.

Ijumaa, 18 Julai
Nilimpelekea barua rasmi: mwanachama Arvīds anamtaka jirani Mirdza kupogoa mti wake. Kahawa haijapoa, kaja na msumeno. Mtiifu! Akapita mtofaa wake, akaparamia mti wangu wa plamu. Kasema mwanachama kwenye barua ni mimi, Arvīds, kwa hiyo “wake” ni wangu. Matawi kanifungia vizuri, ya kukaushia samaki kwa moshi. Nililia, sioni haya kuandika. Nikakimbilia kwa mwenyekiti Ilgvars. Kasoma mara tatu.
“Bwana Arvīds, umeandika mwenyewe. Mwenzio katii tu.”
Mkuki kwa nguruwe!

Jumapili, 27 Julai
Jua! Kumbe kivuli kilikuwa cha plamu yangu. Nyanya nane zimeiva, nyekundu kabisa. Naandika hapa, kwa kumbukumbu, kwamba nilipanga hivyo tangu mwanzo.

Jumamosi, 2 Agosti
Wa kwanza kwenye maonyesho! Mirdza kanipa mkono, kasema nyanya zangu ni tamu kuliko zake. Nimefurahi mpaka nimemsamehe.

Kwenye mkutano baadaye nikawasilisha kifungu cha kumi: “Mwanachama anaweza kumtaka jirani kuwasha bafu lake la mvuke kila Jumamosi.” Mirdza analo bafu. Mimi sina. Basi “lake” haliwezi kuwa langu hata kidogo. Safari hii sarufi nimeishika pembe.

Mirdza kawa wa kwanza kunyoosha mkono kukubali, akaniuliza kama mimi, jirani yake, najua kupasua kuni za bafu. Nimemwambia najua sana. Jirani mwema, kwa kweli.